Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Tumejipangia Uzee Mfupi Mno

Wanachama wenzangu, salaam. Mambo ya kawaida nayamaliza fasta: vikao vya mwaka tumefanya vyote, mahesabu mweka hazina kashayagawa, na wanaochelewesha ada mnajijua, siwataji.

Ninachotaka kukaa nacho ni kile kikao cha bajeti ya kustaafu. Si mnakumbuka tuliombana kila mtu aandike kwenye karatasi hela yake itabidi imtoshe miaka mingapi akishaacha kazi, wengi mkaandika 10, wengine 15, afu mmoja wetu akaandika "mpaka kiinua mgongo kiishe". Tulicheka mpaka machozi, ila usiku sikulala vizuri, maana ukistaafu na 60 ukafika 90 hiyo ni miaka 30, karibu sawa na ile uliyokuwa unaamka kwenda kazini.

Kuna kisa cha Ufaransa. Mwaka 1965 mwanasheria mmoja alipatana na bibi Jeanne Calment, umri wake 90, awe anamlipa kila mwezi mpaka bibi afe ndo achukue nyumba. Jamaa kapiga hesabu zake, bibi huyu si wa leo si wa kesho. Kumbe bibi anaenda mpaka miaka 122, kafariki 1997, mwanasheria mwenyewe katangulia 1995 na mjane wake kaachiwa kuendelea kulipa, na hela waliyotoa ilishapita mara mbili ya thamani ya nyumba. Watu wanamcheka mwanasheria, mimi namwangalia bibi: hela ilikuwa inaingia kila mwezi hata aishi vipi. Ndo maana nasema kama mfuko wako una pensheni ya kila mwezi usikimbilie kubeba mafao yote kwa mkupuo, tena uliza kabisa kama hiyo pensheni inapanda bei zikipanda.

Hapo kwenye bei ndo tunaibiwa kimyakimya. Kuna hesabu ya haraka ya kukadiria: chukua 72 gawa kwa asilimia ya mfumuko wa bei kwa mwaka, ukiwa 6 unapata 12, yaani kila miaka 12 matumizi yaleyale yanataka hela mara mbili, miaka 24 mara nne! Hela ya chini ya godoro haifiki huko.

Mmeniuliza sana kiasi gani kinatosha. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia historia ya hisa na hatifungani (hela unayoikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba) za kwao akaona ukitoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, afu ukawa unaongeza kulingana na mfumuko, akiba ilidumu walau miaka 30. Maana yake (100 gawa kwa 4) uwe na kama mara 25 ya matumizi ya mwaka. Ni hesabu za kwao na za miaka 30, anayestaafu na 50 ajiongeze.

Vijana wetu, hiyo 72 kwenu ni rafiki. Faida ikiwa asilimia 8 kwa mwaka hela inajizidisha mara mbili kila miaka 9, kwa hiyo uliyoweka ukiwa na 25 ukifika 61 imekuwa mara 16, ukisubiri mpaka 43 ni mara 4 tu.

Kikao kijacho kila mtu aje na matumizi yake ya mwaka mzima kwenye karatasi, dawa na michango ya misiba iwemo. Mweka hazina nawe ulete, safari iliyopita ulikwepa.