Salamu za shukrani kutoka Tongoni

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Familia ya marehemu babu yetu, mvuvi na mkaazi wa Tongoni, Tanga, tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu alipougua hadi tulipomzika. Wengi hatutaweza kuwafikia mmoja mmoja, mtuwie radhi.

Kwa wavuvi wenzake: siku ya maziko mlizipandisha ngalawa pwani na bamvua, siku za maji makuu ya bahari, likapita bure, nasi tunajua siku kama ile ina thamani gani kwa nyumba zenu. Vijana mlichimba kaburi usiku katika ardhi ya mawe, na mwanandani, shimo la ndani la kumlaza maiti, ukakaa sawa. Kina mama mlikuna nazi, mkachota maji, mkapika tangu alfajiri, wala hakuna mgeni aliyeondoka na njaa. Shehe wetu, walimu na wanafunzi wa madrasa, Mungu awalipe. Ndugu mliotoka Pangani, Muheza na Tanga mjini, ahsanteni sana.

Wengi mliokuja kuhani mlimjua kwa sababu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Wageni walipofika kutazama magofu, yeye aliwakumbusha kwanza kwamba hapo wamelala watu, ndipo awaonyeshe mahali palipopachikwa bakuli za Kichina. Alipenda kusimulia habari ya Vasco da Gama, nahodha wa Kireno: mwaka 1498 jahazi lake moja, São Rafael, lilipanda mwamba pande zetu hizi, na waliporudi mwaka 1499 walilichoma wenyewe, maana mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na waliosalia hawakutosha kuendesha majahazi yote. Lakini hakuwaacha wasikilizaji waishie kwa Mreno. Mji ulikuwepo kabla yake, akisema, una msikiti wake na wafanyabiashara wake, na waliobaki wakaendelea kuvua na kuzikana. Nasi tumeona kwa macho yetu mlivyomzika yeye.

Ombi letu ni moja. Mwenye sauti yake kwenye simu, au picha aliyopiga naye pale makaburini, atuletee nakala. Wajukuu wadogo hawakuwahi kumsikiliza vya kutosha.

Hitima ya arobaini itasomwa hapa hapa nyumbani, Ijumaa baada ya swala. Wa mbali watapata malazi kwa majirani, ambao wameshatoa vyumba bila kuombwa.

Familia ya marehemu, Tongoni