Mimi namruhusu kupanda, mama yake anamteremsha: Shangazi, tufanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi na mke wangu hatujawahi kugombania pesa wala ndugu, lakini siku hizi tunanuniana kwa sababu ya kiti. Binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, ana mwaka mmoja na miezi minane. Kiti anakivuta, anakipanda, kutoka hapo anahamia mezani, na akifika mezani anasimama wima na kujipigia makofi. Mimi namwacha. Mama yake anamteremsha. Ugomvi wenyewe ndio huo, ila kila nikijaribu kuumaliza naukuta una mizizi.

Nikueleze kwanza tunavyoishi. Kazi yangu ni ya zamu, naingia mchana na kurudi usiku mwingi. Mama yake anatoka alfajiri na kurudi mchana. Kwa hiyo tunapokezana mtoto mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa. Asubuhi ni yangu, jioni ni ya mama yake. Siku ya mapumziko ndiyo pekee ambayo kila mmoja anaona kwa macho yake mwenzake anavyolea, na ndiyo siku ya kununiana.

Mtoto mwenyewe hakuwa na haraka ya kusimama dede wala ya kutembea, hadi nikawa namkagua miguu kila nikimwogesha. Muuguzi kliniki akatutuliza kwamba kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye afya anaweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Alipoanza, akaanza na mbio moja kwa moja. Tangu hapo haipiti wiki bila ujuzi mpya: kufungua droo, kufungulia bomba, kuvua nepi na kuniletea kama zawadi. Juzi amelijua komeo la mlango wa choo.

Lakini kiti ndicho anachokipenda kuliko vyote, na natamani ungemwona anavyokishughulikia. Anakishika mguu na kukivuta kinyumenyume, kinalia sakafuni nyumba nzima isikie. Kikikwama kwenye zulia hapigi kelele. Anazunguka nyuma yake, anakisukuma kwa tumbo, kisha anarudi mbele kuangalia kama kimesogea. Kikifika mezani anatanguliza goti, analala kifudifudi, anajigeuza, anakaa, anashusha pumzi. Hapo ndipo ananitazama. Nami nimemfundisha kushuka: geuka, tumbo chini, miguu itangulie, tafuta sakafu. Sasa anashuka mwenyewe huku akisema "guu, guu, guu" mpaka kidole gumba kiguse chini. Mtoto ambaye maneno yake yote unaweza kuyahesabu, Shangazi, anajipa maelekezo!

Kuanguka anaanguka. Nilisoma habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ambao watafiti waliwafuatilia watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa uhuru: kwa wastani walipiga hatua 2,368 kwa saa na kuanguka mara 17. Nikamsomea mama yake nikitumaini angetulia. Akaniuliza, "Kumi na saba kwa saa moja, na wewe umekaa tu unahesabu?"

Sasa njoo jioni. Sebule yetu na jiko havina ukuta kati yake, ni hiyohiyo meza ndiyo inayotenganisha. Mama yake yuko peke yake, amechoka, sufuria iko motoni. Anageuka kidogo kuchukua kitu, akirudisha macho anamkuta mtu yuko juu ya meza ananyoosha mkono kuelekea kwenye mvuke. Hoja yake ni hii, na mpaka leo sijapata cha kuijibu: ujuzi ninaomfundisha asubuhi, nikiwa sina moto wala haraka, hauondoki na mimi nikienda kazini. Unabaki nyumbani na yeye. Kwa hiyo akishanipokea tu anavilaza viti vyote ubavu. Mtoto akiona hivyo anajibwaga chini, anagaagaa, analia mpaka sauti inakauka. Kesho yake asubuhi mimi naviinua. Mwenyewe ameshaelewa kwamba viti vikisimama ni vya baba na vikilala ni vya mama.

Kilichotufikisha kwako ni kiti kimoja kilichosahaulika kulazwa. Mtoto alikipanda jioni, akamtazama mama yake usoni, akasema "apana, apana", huku anainua mguu wa pili. Mama yake anasema alikuwa anamdhihaki. Mimi nasema maskini ya Mungu amelikariri katazo lakini mwili bado haumtii. Ile sehemu ya ubongo inayotusaidia kujizuia inachukua miaka mingi kukomaa, na hata kijana wa miaka ishirini haijamkamilikia. "Kwa hiyo nimsubiri afike ishirini, nimesimama hapa na mwiko?" Ndivyo alivyonijibu. Nilicheka, na haukuwa wakati wa kucheka.

Mama mkwe naye ameingia kwa simu. Yeye anasema samaki mkunje angali mbichi, mtoto achapwe kidogo mkononi, ataacha. Namheshimu, amelea wengi na wote wamesimama. Mke wangu alijaribu, kakofi kepesi tu juu ya kiganja. Binti akamtazama, akamrudishia kakofi. Tangu hapo kila kitu kinachomkera kinachapwa: kiti, mto, mwanasesere, mguu wa baba. Kupanda hakuacha. Hilo la kuchapa tumeliweka kando, ila kwa mama mkwe bado hatujalitangaza.

Usidhani kwamba tunapingana kwa kila kitu. Moto, maji ya moto, soketi, dawa, hayo hatujadiliani. Ndoo haiachwi na maji, kwa kuwa mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache. Rimoti tumeifunga kwa gundi ya karatasi, maana zile betri ndogo za duara mtoto akizimeza zinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Katika mambo ya kufa na kupona tuna sauti moja. Tatizo letu ni yale ya katikati, yale yanayoweza kumletea nundu lakini pia yanamfundisha kitu, na nadhani utoto wa umri huu karibu wote umejaa mambo ya katikati.

Kuna na la simu. Ili apike, mama yake humpa mtoto simu aangalie katuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri kabisa kumkalisha mtoto wa mwaka mmoja mbele ya skrini, na akifikisha miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza nani atapika. Mimi asubuhi napasha moto kiporo kabla mtoto hajaamka, kwa hiyo hapo sina mdomo. Na ukitazama vizuri, simu imeingia kwa sababu viti vimelala: mtoto aliyezuiwa kupanda lazima apewe kitu kingine cha kufanya, na cha haraka ndiyo hicho. Sijathubutu kulisema hili nyumbani. Nalisema kwako.

Usiku nao umeharibika. Nikirudi kazini namkuta ameketi gizani anayarudia maneno ya mchana, na akisikia mlango anateremka kitandani kwa ile mbinu niliyomfundisha na kuja kunipokea. Saa za usingizi anazipata, lakini vipande vipande, nasi vipande hivyohivyo.

Ninachokuuliza, Shangazi, ni hiki. Mtoto wa umri huu anaweza kuishi na sheria mbili, ya baba na ya mama, bila kuchanganyikiwa? Nimeona watoto wanaojua kwa bibi kuna lipi na nyumbani kuna lipi, na binti yetu anaonekana amekwishatusoma wote wawili. Lakini mama yake anasema sheria mbili zinamfanya yeye awe mama mkali na mimi niwe baba wa michezo, na hilo linamuuma kuliko hata kiti. Hapo naona ana haki.

Kama ni lazima iwe sheria moja, iwe ya nani? Yeye anataka kupanda kukome kabisa mpaka mtoto afikishe miaka miwili na nusu. Mimi nataka tuihamishe meza, tuweke kageti ka mbao kuzuia upande wa jiko, halafu viti visimame asubuhi na jioni. Yeye anasema kageti atakipanda pia, na nikimtazama binti yangu sioni kwa nini asikipande. Nimefikiria pia kumwomba mkuu wangu wa kazi anibadilishie zamu, japo kwa muda, niwe nyumbani saa za kupika. Kuomba zamu kwa sababu ya kiti! Sijui nitaanzaje kueleza.

Tafadhali usiniambie kwamba ni umri tu, utapita. Kwamba utapita najua, kila mtu ananiambia. Nataka kujua cha kufanya jioni mimi nikiwa kazini na yeye akiwa jikoni. Mama yake amesema jibu lako atalisoma, na likimpa yeye ushindi atalibandika kwenye friji, kwa juu kabisa, ambako mtoto hafiki. Nimemwambia asiwe na hakika sana.

Wako,
Baba wa zamu ya asubuhi