Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: ziinueni picha za baba sakafuni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Nimeshakuletea barua tatu kwa njia ya kawaida, na zote zimepigwa muhuri mzuri wa kupokelewa. Hii ya nne nimeona niiandike hadharani, muhuri nao upumzike.

Mimi ni binti wa yule fundi chokaa wa Mkomani, Lamu, ambaye picha 14 alizozichora za nyumba za mawe tuliukabidhi mkusanyiko wa sanaa za umma unaousimamia. Siku ile palikuwa na viti vya vitambaa, halua na kamera. Ulisema mwezi wa saba wananchi wataanza kuziona. Kosa letu, hatukuuliza mwezi wa saba wa mwaka gani.

Jumanne iliyopita nilimleta mwanangu azione kazi za babu yake. Tulikalishwa kwenye benchi tangu saa tatu hadi adhuhuri, ndipo kijana wa stoo akatufungulia chumba kinachopakana na choo. Picha ziko chini, zimeegeshwa zikitazama ukuta. Juu ya moja pana chupa ya chai. Ile ya daka, ukumbi wa mlangoni, la nyumba ya bibi imeota ukungu kuanzia chini, umeshapanda hadi kwenye baraza. Mwanangu akaniuliza kama babu alichora mafuriko. Kijana, wala simlaumu, akasema, "Mama, si nyumba kuukuu tu hizi?"

Nyumba kuukuu! Aliyeinunua nyumba ile alibomoa zidaka zote za chumba cha ndani, vile vishubaka vya ukutani, pale bibi alipopanga sahani zake za kaure, pale shangazi zangu walipokalishwa siku za harusi zao. Zimebaki kwenye picha. Baba alizihesabu boriti za mikoko moja moja, maana fundi anajua urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Hata ufa wa chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, aliuchora. Lamu iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, nanyi hamkosi kulitaja hilo kwenye hotuba. Basi urithi wenyewe ndio huo uliotwikwa chupa ya chai.

Sijui ni bajeti, au ni kwa kuwa baba hakusomea uchoraji na jina lake halivuti wageni. Unyevu, lakini, nadhani naujua: ukuta wenu ni wa matumbawe, mkaupiga saruji. Chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huyafungia maji ndani. Baba angewaambia hayo bure.

Mwanzo nilitaka maonyesho. Kisha nikataka angalau orodha yenye jina lake. Jumanne nilitaka nizibebe nirudi nazo nyumbani, ila karatasi ya makabidhiano inasema ni mali ya umma, na sahihi ni yangu. Haya, na hilo naliacha. Ziinueni sakafuni. Hilo tu, Mheshimiwa. Ziinueni sakafuni kabla ya masika.

Ikiwa mbao hazipo, Jumatatu nitakuja na vipande viwili vya boriti vilivyosalia nyumba ya bibi. Naomba mlinzi aambiwe aniache nipite navyo.

Ni mimi,
Binti wa fundi chokaa
Mkomani, Lamu