Shukrani kwa Mama Aliyetusaidia Siku ya Degedege

Kwako mama ambaye sikuwahi kukuuliza jina: mwanangu wa miezi 18 alipokakamaa ghafla kwa homa, macho yamegeuka juu, nami nikitaka kumtia kijiko kinywani (kijiko ambacho, najua sasa, kingeweza kumvunja meno), uliuzuia mkono wangu, ukamlaza ubavu, ukamlegeza kola na kuanza kuhesabu dakika kwa saa yako. Ulinieleza kwa upole kwamba degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kwamba kwa kawaida hukoma lenyewe bila kudhuru ubongo, na kwamba likizidi dakika 5 ni dharura. Lilikoma dakika ya pili. Hata hivyo ulisisitiza apelekwe hospitali mara moja ili chanzo cha homa kitafutwe. Nakushukuru kwa dhati, na zaidi kwa kutonilaumu.