Kwa Mama Neema, mwalimu mpya wa darasa la kwanza

Uru, Moshi

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Neema na watoto wote. Huku Uru hatujambo. Mvua zimewahi na barabara ya kushuka mjini imeshaanza utelezi, lakini shule zinaendelea na migomba imependeza.

Ujumbe wako kutoka Monduli nimeupata. Unasema umetolewa darasa la saba, umepangiwa la kwanza, na wenzako ofisini wamekupa pole. Naomba hizo pole usizipokee. Najua desturi ya shule zetu: mwalimu hodari anapewa darasa la saba kwa ajili ya matokeo ya mtihani, na la kwanza anapewa aliyekaribia kustaafu, aliyetoka kuugua, au aliyekosana na mwalimu mkuu. Desturi hii inawaumiza watoto. Wale wa darasa la saba uliokuwa ukinisimulia, wanaorudia swali la hisabati mara tatu bila kuelewa linauliza nini, hawakuharibikia darasa la saba. Waliharibikia huko unakopelekwa sasa. Kama mwalimu mkuu ametumia akili kukuhamisha au amekukomoa, mimi sijui, ila watoto wamepata bahati.

Na jambo hili si la shule yako peke yake. Mwaka 2010 watu wa Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipopita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kwa maandishi ya kiwango cha darasa la pili, walikuta wengi wa darasa la tatu, na wengine wa madarasa ya juu kabisa, wanashindwa kusoma hadithi fupi ya Kiswahili. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliorudisha sehemu kubwa ya muda kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Halafu Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani wakaja, madarasa yakafurika. Walikuwa na haki ya kuja, na nilifurahi kuwaona. Lakini mwalimu aliyeambiwa chuoni kwamba darasa ni watoto 45 akajikuta amesimama mbele ya mia, na mbele ya mia njia inayokuja haraka ni kusoma kwa kuitikia.

Hapo nataka nikae nawe kidogo, kwa sababu kuitikia kunadanganya. Mwalimu anagonga ubao kwa fimbo, "ba", darasa zima linajibu, "be", linajibu tena, na mpita njia akisikia dirishani anasema hawa wanasoma. Mwaka jana nilikuwa na mtoto wa kiume ambaye sauti yake ilikuwa juu kuliko zote. Ukurasa wa kitabu alikuwa anaupitia bila kukwama: Mama anapika ndizi. Baba analima shamba. Kaka anachunga mbuzi. Siku moja wakati wa mapumziko nikamwita mezani, nikafunika picha kwa kiganja, nikaweka kidole kwenye neno "shamba". Akanitazama. Kisha macho yakarudi mwanzo wa mstari, midomo ikaanza kunong'ona, "Baba analima...", na alipofika akasema kwa nguvu, "Shamba!" Nikaweka kidole kwenye "mbuzi". Akarudi tena mwanzoni, safari hii kwa kaka. Mtoto yule alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Ukurasa wote ulikuwa kichwani mwake, ila hakuna herufi hata moja aliyoitambua. Na angeweza kufika darasa la nne hivyo hivyo, kwa sababu katika kelele za watoto tisini hakuna anayesikia mmoja asiyesoma.

Kwa hiyo, mengine yote nitakayokuandikia unaweza kuyaacha, lakini hili usiliache: msikilize kila mtoto akiwa peke yake. Unasema unao 82. Chukua watano kila siku, dakika mbili au tatu kila mmoja, wengine wakiwa wanaandika au wanachora. Kabla mwezi haujaisha utakuwa umewapitia wote, unaanza upya. Weka daftari dogo, kila mtoto na mstari wake: herufi anazozitambua, kama anaunganisha silabi, kama anasoma neno asilolizoea, kama anasoma sentensi na kukueleza imesema nini. Halafu wagawe kwa hayo uliyoyasikia, uache kuwagawa kwa dawati walilokuta Januari. Utashangaa wangapi kati ya wale wakimya wa nyuma wanasoma, na wangapi wa mbele wanaitikia tu.

Herufi wafundishe kwa sauti yake. Wengi wanaotoka chekechea za mitaani wanakuja wameshika majina, "em", "bii", na wanajivunia. Sasa mtoto anayesema "em-a-em-a" atafikaje kwenye mama? Mfungishe midomo, avute mmmm, kisha aifungue, aaa, na aharakishe mpaka viwili viwe kitu kimoja. Kiswahili kinatupunguzia kazi sana hapa, maana a ni a popote utakapoikuta. Mimi naanza na irabu tano, halafu m, k, t, l, b, n, kwa sababu hizo zinanipa maneno ya kweli mapema: mama, kaka, kuku, bata, taa, meno, kiti, kula. Mtoto akisoma "kuku" mwenyewe, pasipo picha, uso wake unabadilika, na kesho anawahi shule. Herufi d naichelewesha mpaka b iwe imekaa vizuri. Mb, nd, nj, ch na sh zinafuata baadaye. Ngoma na ng'ombe nawasikilizisha kwanza, wanazisema wenyewe, wanagusa koo na pua, ndipo naandika.

Kiingereza kimeingia darasa la kwanza na mtaala mpya ulioanza 2024, najua kinakutia wasiwasi. Ushauri wangu ni kukifundisha kwa mdomo na nyimbo, na kukiweka mbali na kipindi cha Kusoma, mtoto asije akaona a ina sauti nyingine kabla ya kuizoea ya kwanza.

Liko jambo ambalo chuoni hatukuambiwa kabisa, nalo ni urefu wa maneno yetu. Tazama "wanakimbizana". Mtoto anayekokota silabi moja moja, wa, na, ki, mbi, za, na, akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Silabi zote anazijua, neno halijui. Watoto wa namna hii ni wengi darasa la pili, na tunawaita wazito bila sababu. Nimekata kadi za manila: za rangi moja nimeandika ana, wana, ali, wali, tuta, za rangi nyingine lima, cheza, imba, cheka, pika. Wanaziunganisha wawili wawili sakafuni: analima, walilima, tutalima. Baada ya muda wanaiona "wana" kwa mtazamo mmoja, na nguvu ya kusoma inabaki kwa ajili ya kilichofuata. Tangu nianze na kadi hizi, kusoma kwa kukokota kumepungua sana darasani kwangu. Kama una nafasi ya kuandaa zana moja tu muhula huu, andaa hiyo.

Sasa kuhusu yule binti anayefundisha darasa la awali hapo kwenu, ajira mpya. Msaidie, maana wazazi watamsumbua wakitaka watoto wa miaka mitano wajaze madaftari. Kuna chekechea hapa mjini zinawapa watoto hao mtihani wa kuingia darasa la kwanza, na mama anakesha akimchapa mtoto vidole kwa sababu ya herufi s. Mimi hilo nalipinga mbele ya yeyote. Mkono wa miaka mitano unahitaji kwanza udongo, mchanga, mkasi na shanga. Monduli shanga zipo kila boma. Mtoto anayetunga shanga na mama yake anaandaa vidole vilevile vitakavyoshika penseli. Na anayetumia mkono wa kushoto aachwe na mkono wake.

Chekechea za masista hapa Moshi zimezoea herufi za msasa, njia ya Maria Montessori aliyefungua shule yake ya kwanza Rome mwaka 1907. Unakata herufi kwenye karatasi ya msasa ileile ya fundi seremala, unaigundisha kwenye ubao mdogo au boksi gumu, mtoto anaipitisha vidole viwili kwa mwelekeo wa kuandika huku akitamka sauti yake. Mkono, sikio na jicho vinajifunza kwa pamoja. Shiti moja ya msasa wa duka la vifaa vya ujenzi inatoa herufi kadhaa, na haichakai upesi kama chati.

Watoto wako wana la ziada, wengi wanakuja na Kimaasai tu. Wiki za mwanzo zipe mdomo na masikio. Mtoto aliyezoea kusema engare hatafaidika kuunganisha m-a-j-i kabla hajalisikia neno maji likitumika, akalisema, akayanywa. Leta vitu vyenyewe darasani: kibuyu, fimbo, kamba, majani. Waache waelezane kwa Kimaasai pale wanapokwama, na mtoto asichapwe kwa kusema lugha ya mama yake. Bibi yangu alijifunza kusoma ukubwani, enzi za kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alikuwa akitusimulia kwamba neno la kwanza alilolisoma nje ya darasa ni KAHAWA, limeandikwa kwenye gunia. Alikuwa amelima kahawa maisha yake yote. Basi na wewe maneno yako ya ukutani yawe ng'ombe, ndama, maziwa, boma. Treni na bahari vitakuja kwa wakati wake.

Mwisho wa siku, hata ukiwa umechoka, wasomee hadithi. "Hadithi, hadithi!" nao "Hadithi njoo!", kisha ufungue kitabu waone kwamba maneno unayosema yanatoka pale. Kabla ya kugeuza ukurasa uliza, "Mnadhani fisi atafanya nini?" na umwache mtoto ajibu kwa sentensi nzima. Vitendawili navyo ni kazi ya kusoma ingawa hakuna kitabu: nyumba yangu haina mlango, na darasa zima linafikiri. Mtoto aliyezoea kufikiria alichosikia ndiye atakayefikiria alichosoma.

Najua utaniuliza vitabu vitoke wapi. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991 kusaidia vya Kiswahili vichapishwe, uliza kama shule yenu iliwahi kupata, mara nyingi vimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu visichafuke. Vitoe, vichafuke. Pia kwenye simu yako utapata hadithi za African Storybook za Kiswahili bila malipo. Na vingine tengeneza: fungua mfuko wa saruji uliokwisha, upande wa ndani hauna maandishi, kata kurasa kubwa, ushone kwa uzi. Mtoto anakwambia sentensi, "Jana mbuzi wetu amezaa wawili", wewe unaiandika hivyo hivyo kwa herufi kubwa, yeye anachora. Kitabu hicho watakigombania kuliko cha serikali, kwa sababu mwenye mbuzi wanamjua.

Wazazi waite mapema, usingoje kikao cha michango ya uji. Waambie mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi: mtoto akirudi, akae naye, amwambie "nisomee", amsikilize mpaka mwisho. Akina mama wa hapa walikuwa wanaona aibu; sasa kuna mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni ambaye mwanawe humsomea kila jioni wakati anapanga mzigo wa kesho.

Kadi za msasa nimeshakukatia, irabu zote na zile sita za mwanzo. Binti wa jirani yangu anasoma chuo hapo Monduli, anarudi Jumapili, nitampa pamoja na ndizi za Neema. Mpigie akifika stendi ya Arusha mpangane. Mkasi wangu umekuwa butu kwa msasa, kwa hiyo zinazobaki nitazikata nikipata mwingine, uniambie uanze kutumiwa zipi.

Na uniandikie baada ya kuwasikiliza watano wa kwanza. Nataka kujua umekuta nini.

Rafiki yako,
Mama Aika