Mhariri, tuambieni pia kama geti liko wazi

Mhariri habari za kazi,

Nawafuatilia muda sasa kwenye zile kurasa zenu za matembezi ya wikiendi na mkiandika sehemu za kupanda pikipiki za porini na ATV, zile za magurudumu manne, mimi ndo wa kwanza kufungua, na picha sina ugomvi nazo, vumbi linaruka, mtu kasimama wima juu ya pikipiki, nyuma milima. Shida yangu ni kwamba nikimaliza kusoma sina cha kufanyia kazi. Sijaambiwa ardhi ni ya nani, sijui msimu wake unafungwa lini, sijui kama ATV yangu itapita kwenye hizo njia au ni za pikipiki tu, na mafuta yakiisha sijui nitayapata wapi. Mnaishia kuniambia ni paradiso ya wapenda matope. Sawa, paradiso, ila mimi nina Jumamosi moja.

Watu wa safari ndefu wana anasa ambayo sisi hatuna. Mwenye wiki mbili akikuta njia imefungwa anageuza, analala, kesho anajaribu upande mwingine na baadae anakusimulia kama ndo raha yenyewe ya safari. Mwenye siku moja kaamka usiku, kafunga trela, kaendesha masaa, akikuta mnyororo kwenye geti siku imekufa hapo hapo, na tuseme ukweli bana, huyu ndo anaanza kuchungulia pembeni ya fensi kama kuna mwanya. Mimi naamini ugomvi mwingi kati yetu na wenye ardhi hauletwi na watu wakorofi, unaletwa na watu wenye haraka ambao hawakuambiwa mapema.

Kwaiyo swali la kwanza kwa safari fupi ni wapi inaruhusiwa, uzuri wa mahali utafuata, na hapo ndo makala zenu zinapita juu juu kana kwamba pori lote duniani ni la kila mtu. Sio kweli ata kidogo. Uswidi, nchi ambayo mtu anaweza kutembea na ata kulala kwenye msitu wa mwenzie bila kuulizwa, ina sheria tangu 1975 inayokataza kuendesha chombo cha moto nje ya barabara pale ambapo ardhi haina theluji, yani uhuru wa miguu sio uhuru wa injini. Uskoti vilevile, ile sheria ya ardhi ya 2003 iliyowapa watu haki ya kupita karibu kila mahali imeviacha vyombo vya moto nje. Ufaransa tangu Januari 1991 unatakiwa ubaki kwenye njia zilizo wazi kwa magari ya watu wote, na Iceland kutoka nje ya njia na gurudumu ni kosa, na ukijua jinsi udongo wa kule unavyochukua miaka kupona mikwaruzo huwezi kuwalaumu.

Uingereza na Wales ndo kuna mtego mzuri. Kuna daraja la njia za vumbi ambazo kila chombo kinaruhusiwa kupita, na ramani za Ordnance Survey, ofisi yao ya ramani, zinazionyesha kwa alama yake kabisa, lakini hapo hapo jirani kuna njia za farasi na za waenda kwa miguu ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na ukiingia na pikipiki umeshavunja sheria. Alafu ata kwenye hizo zilizo wazi chombo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kina bima kama cha barabarani, ile pikipiki ya mashindano isiyo na taa wala namba haina nafasi pale. Na kuna sheria ya 2006 iliyofuta haki ya kupita na injini kwenye njia nyingi ambazo hazikua zimeandikishwa rasmi, maana yake mtu akikuazima ramani aliyoitumia ujanani anaweza akakuingiza matatani bila kukusudia.

Marekani kwenye misitu ya taifa mambo yameandikwa wazi zaidi. Tangu kanuni ya 2005, kila msitu unatakiwa kutoa ramani ya barabara na njia ambazo vyombo vya moto vinaruhusiwa, ramani ni ya bure, na msingi wake ni kwamba kama njia haipo kwenye ile ramani basi haiko wazi, hakuna cha nilikua sijaona kibao. Kwa sura ni ramani mbaya, nyeusi na nyeupe, haina mistari ya miinuko, mtu mgeni anaweza akadhani imekosewa kuprintiwa. Lakini ndo yenye nguvu ya sheria, kwaiyo wazoefu wanaiweka juu ya ramani nzuri ya GPS na kutumia zote mbili, moja ya kukuambia unaruhusiwa wapi na nyingine ya kukuambia utapanda mlima gani.

Na ile ramani inaonyesha kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye makala zenu, nacho ni upana. Kuna njia zilizotengwa kwa vyombo visivyozidi inchi 50, kama sentimita 127 hivi. ATV nyingi za kawaida za kukalia kama pikipiki zinaingia hapo, lakini zile za usukani za watu wawili kukaa ubavu kwa ubavu nyingi ni pana kuliko hapo na zinabaki nje, na kuna njia nyingine ni za magurudumu mawili tu. Sasa mkiandika "eneo la ATV" mnakua mmewaita watu watatu wenye vyombo vitatu tofauti na mmoja wao peke yake ndo atafurahi. Kwenye ardhi nyingine ya umma kule, ile ya BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi, wameigawa mafungu matatu, iliyo wazi, yenye mipaka na iliyofungwa, na ile ya wazi ndo pekee ambayo unaweza kuzurura nje ya njia, kwenye ile ya kati unafuata njia zilizowekwa basi. Hiyo ni sentensi moja tu kuiandika jamani.

Kuna kamchezo kengine ka kutafuta sehemu kwa picha za setilaiti, mtu anakuza picha, anaona mistari myeupe porini, anasema tayari nimepata. Mstari kwenye picha unakuambia kuna kitu kiliwahi kupita hapo, inaweza kua trekta ya mwenye shamba, inaweza kua bomba la maji, inaweza kua watu wengine waliopita bila ruhusa kama unavyotaka kufanya wewe. Ata ramani za intaneti zinazochorwa na watu wa kujitolea ni hivo hivo, njia kuchorwa pale sio kibali. Picha mimi nazitumia kwa kazi moja, kuangalia kama pale pa kuegesha trela itageuka, maana kurudi kinyumenyume na trela kwenye njia nyembamba gizani ni adhabu.

Kuhusu ukubwa wa eneo napo mnatupoteza. Mnasifia kilomita. Mtandao wa njia wa Hatfield-McCoy kule West Virginia, Marekani, umefunguliwa 2000 na sasa una zaidi ya kilomita 1,600 za njia, na ni mfano mzuri kwa sababu sehemu kubwa ni ardhi ya makampuni na watu binafsi waliokubali kuifungua chini ya usimamizi mmoja na kila anaepanda anakua na kibali, na njia zinaingia mpaka kwenye miji midogo ambapo unajaza mafuta na kula. Lakini mtu wa siku moja hizo 1,600 hazimsaidii, kinachomsaidia ni kujua aanzie geti gani kati ya mageti yote na ni mzunguko upi atamaliza kabla ya giza.

Mzunguko ndo kila kitu kwenye safari fupi, na mzuri zaidi ni ule unaokurudisha karibu na gari mara kadhaa, sio ule unaokupeleka mbali alafu njia ya kurudi ni ile ile. Njia ya Slickrock pale Moab, Utah, Marekani, ambayo wengi leo wanaijua kwa baiskeli, iliwekewa alama 1969 kwa ajili ya pikipiki, na wamekuwekea mzunguko mdogo wa mazoezi uonje ule mwamba kwanza kabla hujajitosa kwenye mkubwa. Hiyo ndo akili ninayoitaka. Ukikuta mkono unauma au klachi inateleza unarudi, siku haijaharibika. Maana porini kilomita sio zile za lami, mawe, kona, mwenzako kaanguka mnamsubiri, masaa yanakatika na umekwenda kidogo tu, na pikipiki nyingi za porini tenki lake ni dogo, kwaiyo ile desturi ya zamani ya kutumia theluthi moja ya mafuta kwenda, theluthi kurudi na theluthi kubaki akiba bado inafanya kazi. Maeneo mengi yanaweka pia rangi za ugumu, kijani rahisi, bluu ya kati, nyeusi ya wazoefu, wamechukua kwa watu wa kuteleza kwenye theluji. Mkitaja njia tajeni na rangi yake, kuna watu wanaenda na watoto.

Alafu mambo yanayorudisha watu getini. California wana kikomo cha sauti, desibeli 96 kwa vyombo vilivyotengenezwa 1986 na kuendelea, kinapimwa karibu kabisa na mdomo wa ekzosi, na kizuia cheche lazima kiwepo kwa sababu ya moto wa nyika. Mtu anaweza akawa na kila kibali akarudishwa kwa ajili ya ekzosi aliyoibadilisha ili ilie vizuri (mimi sielewi hao watu, mlio ule unamfurahisha mmoja na unamkasirisha kila mwenye kura kwenye mkutano wa kijiji). Pale kwenye matuta ya mchanga ya Imperial huko huko California, bendera yako inatakiwa iwe juu futi 8 kutoka ardhini, na sio urembo, ukipanda tuta huoni anaekuja upande wa pili mpaka mmekutana kileleni. Kibali chao cha msimu ni kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 15, na kama mnajiuliza kwanini wanakwenda miezi hiyo, jaribuni jangwa hilo Julai.

Najua kuna wapandaji wenzangu watakuandikia waseme nisichokoze mambo, sehemu zikitangazwa zitajaa na zikijaa zitafungwa. Nawaelewa nusu. Sehemu ya siri ambayo ni ya mtu na mnapita bila yeye kujua, hiyo ni ya siri kwa sababu mbaya na itafungwa tu siku atakapoamka vibaya. Lakini eneo halali lenye geti, kibali na msimamizi linahitaji watu, zile pesa za vibali ndo zinazokarabati njia zilizoliwa na maji ya mvua, na watu wachache wakija ni rahisi sana mtu ofisini kusema halitumiki tulifunge.

Ninachoomba sio makala ndefu. Kaboksi kadogo pembeni: ardhi ya nani, nani anatoa kibali na kinapatikanaje, msimu, upana, sauti, mzunguko mfupi kuliko yote una kilomita ngapi na rangi gani, mafuta yako wapi, netiweki inaishia wapi. Na tarehe ambayo mwandishi wenu alihakikisha hayo kwa kuongea na wasimamizi, kwa sababu mvua moja kubwa au moto mmoja unabadilisha kila kitu na njia iliyokua wazi mwezi uliopita leo ina utepe. Kama nafasi haitoshi kwenye ukurasa, toeni picha moja ya vumbi.

Msomaji wenu wa Jumamosi