Mbu wanatukosesha usingizi Mikindani

Mhariri, habari za kazi, naomba nafasi kidogo. Huku Mikindani mvua zikianza tu usiku hakulaliki, ukizima taa unasikia nziii sikioni, ukiwasha humuoni. Wengi wanakimbilia dawa ya mbu ya kuchoma, chumba kimefungwa kabisa na watoto wamo humo wanavuta moshi mpaka asubuhi, mi naona hiyo sio sawa jamani. Mbu anafuata pumzi na joto la mwili ndo maana anakuja kulia masikioni, na anayeuma ni jike tu, tena yule wa malaria anapenda usiku tukishalala. Neti yenye dawa ichomekeni chini ya godoro pande zote, mwenye feni aielekeze kitandani maana mbu hawezi kushindana na upepo. Halafu hivi vifuu na madafu tunavyotupa nyuma ya nyumba vinajaa maji, wiki moja na ushee tu mbu wapya hao wanaruka. Na neti jamani sio za kuvulia dagaa wala kuzungushia bustani, kliniki wanapewa wajawazito na watoto wachanga, waacheni wazilalie!

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara